Doa la Ovaroli

Kila Jumamosi Chiriku alimsaidia shangazi yake, dobi, kufua nguo za wafanyakazi wa meli ya mafuta. Meli hiyo haikusafiri. Ilifungwa kwa minyororo mbali baharini, ikipokea mafuta kutoka chini ya bahari na kuyahifadhi tumboni mpaka meli nyingine ije kuyachukua. Baba yake Chiriku alikuwa fundi wa mabomba huko.

"Ovaroli ni sabuni tu," shangazi alizoea kuonya. "Dawa ya madoa ni ya mashuka."

Jumamosi hiyo shangazi alikwenda kupeleka mashuka kwa mteja. Chiriku akabaki na ovaroli za wafanyakazi, mojawapo ya baba yake, yenye doa jeusi kifuani. Alisugua hadi vidole vikamuuma. Doa liligoma. Akatazama huku na huku, akamimina dawa ya madoa katika maji ya beseni. Doa likapauka, naye akatabasamu.

Binamu yake, mtoto wa shangazi, aliyekuwa akipiga pasi chumbani, alichungulia akaiona chupa ya dawa. "Wewe! Dawa hiyo inaharibu kinga ya moto ya ovaroli. Cheche ikidondoka hapo, nguo inawaka kama karatasi!"

Chiriku akaiachia ovaroli. "Sasa nifanyeje?"

"Nyamaza. Nguo haina mdomo. Mama akijua, sote tutakiona cha mtema kuni."

Shangazi aliporudi, nguo zilikuwa zimekauka na kukunjwa. "Chiriku wangu, leo umemeza ulimi?"

"Hapana, shangazi."

Alasiri baba akaja na begi lake, tayari kwa safari. Aliikunjua ovaroli, akacheka. "Hata doa langu sugu limekimbia! Nitawaringia wenzangu." Akaitia begini, akabeba na furushi la ovaroli za wenzake. "Haya, kwaherini. Gari linanisubiri."

Chiriku alikumbuka mwali wa moto ambao baba alisema huwaka juu ya bomba refu la meli, usiku na mchana. Baba alikuwa amekwisha kushika kitasa.

"Baba, usiivae!" Sauti ilimtoka kwa kilio. "Nimeitia dawa!"

Shangazi akaketi juu ya ndoo iliyopinduliwa. "Nilisikia harufu, nikadhani ni ya mashuka. Na nyingine je?"

Chiriku akainamisha kichwa. "Niliziloweka katika maji hayo hayo."

Baba akampigia simu msimamizi wa usalama, akaeleza yote. Jibu lilikuwa fupi: ovaroli hizo zisifike melini hata moja; wafanyakazi watapewa nyingine kutoka stoo.

Shangazi akachukua mkasi, akakata mikono ya kila ovaroli ili asije mtu akazivaa. "Nitazilipa mimi," alisema, na mkasi ukaendelea kulia.

Binamu akazima pasi. "Mama, mimi ndiye niliyemwambia anyamaze. Nilisema nguo haina mdomo."

"Haina, kweli," shangazi akajibu. Macho yake yalikuwa mekundu. "Ndiyo maana aliyeifua lazima aisemee. Chiriku, doa lingebaki, baba yako angelivaa akarudi nalo salama. Moto hauulizi kama ulikusudia mema. Ukikosea, sema mapema, kabla mtu hajafunga mlango."

Baba akamshika Chiriku bega, kisha akaondoka na begi jepesi.