Kitambaa Alichokichagua Adventina

Kitambaa kilikaa kambani tangu asubuhi, kwenye jua la kukausha dagaa, na Adventina alipokishika jioni kilikuwa bado kinadondosha maji. Nguo nyingine za kamba ile zilikuwa zimekauka zikakakamaa, hata blanketi. Alikikamua, maji yakamtiririkia hadi viwikoni. Akajiambia ndivyo uzi wake ulivyo, vitambaa vya nje vina mambo yake, akakiingiza ndani na kukipiga pasi ya mkaa. Pasi ilifuka mvuke mpaka makaa yakazimika.

Alikuwa amekichagua mwenyewe. Huo ulikuwa mwaka wa msako wa wahujumu uchumi, na katika nyumba za watumishi pale Pasiansi hakuna aliyekula akiwa ametulia. Madirisha ya sebule ya Adventina yalitazama njia ya kwenda ziwani, na kila aliyepita aliona kilichomo mezani. Binti yao Odeta walikuwa wamempeleka kwa bibi yake, na mumewe, Mutayoba, karani wa ghala la pamba, alikuwa ameanza kunywa chai chumbani, amegeukia ukuta, kwa sababu ya kijiko cha sukari. Nyumba ilihitaji mapazia. Madukani kulikuwa na rafu na muuzaji, vitambaa havikuwapo.

Jirani yake Bernadeta ndiye aliyemletea, ndani ya kapu, chini ya makopa ya muhogo.

"Chagua haraka, Mama Odeta," alisema. "Nikikutwa hapa, tunalala ndani wote wawili."

Cha kwanza kilikuwa na maua ya njano. Cha pili kilikuwa cha kahawia, kizito. Cha tatu kilikuwa kijani, kijani cha ziwa pale penye kina. Adventina alikigusa akakiona baridi.

"Hiki."

"Cha kahawia hakionyeshi uchafu."

"Hiki, Bernadeta."

"Wahaya ninyi! Mtu hana sabuni, anachagua rangi."

"Kimetoka wapi?"

"Umekipenda, au unataka kukiozesha? Ukoo wake wa nini?"

Wakacheka, wakaziba midomo, wakacheka tena.

Adventina alikishona kwa mkono, fundi asije akakiona. Mutayoba alifunga waya, wakaingiza pete, wakavuta. Kutoka njiani, nyuma ya kioo, kilionekana kama kitambaa chochote kikuukuu. Sebule ikapoa mara moja. Mwanga ulioingia ulikuwa wa kijani, na mikono ya Mutayoba juu ya kitambaa cha meza ilionekana kama iliyotumbukizwa majini. Alikunywa chai yake mezani kwa mara ya kwanza tangu msako uanze.

"Sasa hapa ni nyumbani," akasema.

Siku zilizofuata Adventina aligundua mambo ambayo hakuwa na namna ya kumweleza mtu. Redio ya sebuleni ilisikika kama iliyowashwa nyumba ya tatu. Akimwita mumewe kutoka jikoni, alilazimika kuita tena na tena, naye yuko hatua chache tu. Harufu ya tope na ya kamba mbichi za nyavu ilianza pembeni mwa dirisha, ikahamia kwenye viti, ikafika kwenye sare za Mutayoba, na hakuna sabuni ya foleni iliyoitoa. Na mchana, madirisha yakiwa yamefungwa na majani ya migomba huko nje yametulia, pete za pazia zilitembea juu ya waya, moja baada ya nyingine, polepole, kutoka upande mmoja hadi mwingine, kama mtu anayepita nyuma ya kitambaa huku anakipapasa kwa kiganja.

Alinyunyiza maji ya baraka aliyopewa parokiani. Yalipotelea kwenye pazia kama tone mtoni.

Jumamosi moja, baada ya chakula cha mchana, Mutayoba hakuinuka kitini. Adventina alitoa sahani, akaosha vyombo, akarudi. Mumewe alikuwa vilevile, ametazama pazia.

"Baba Odeta, hukusema unakwenda Kirumba?"

"Ameniambia nisubiri."

"Nani?"

"Mwenye nyumba."

Aliisema kwa sauti ya chini, bila kumgeukia, kama mfanyakazi anayetaja mkubwa wake aliye chumba cha pili. Adventina akamshika mkono. Shati lilikuwa limelowa mpaka kwenye kola, na mkono ulikuwa mzito kama gunia lililonyeshewa. Akavuta. Mutayoba hakusogea hata kidogo.

"Niache," alisema. "Maji ni mengi."

Adventina akakimbilia mlango wa jikoni. Mbao zilikuwa zimevimba zikakaza kwenye fremu. Akavuta kitasa kwa mikono miwili, akaweka mguu ukutani akavuta, na mlango haukulia hata mlio wa bawaba. Mlango wa mbele ulikuwa vivyo hivyo. Basi akaenda dirishani, akajipenyeza kati ya pazia na kioo, na hapo ndipo kitambaa kilipomlalia mgongoni, kibichi, kizito, kikamfuata mabega na kiuno kama kinachomchukua vipimo, na nyuma ya kitambaa akahisi kiganja, kisha kingine, vidole vimetanuliwa, vinamkandamiza taratibu kwenye kioo bila haraka yoyote, naye akapiga kioo kwa ngumi, akaita Bernadeta, Bernadeta, na kule nje, kwenye jua lile lile la kila siku, Bernadeta aliyekuwa anaanua nguo akasimama, akatazama dirishani, akatabasamu kama mtu anayesifu chaguo la mwenzake, akapunga mkono, akaendelea kuanua, na Adventina alipopumua mvuke ukafunika kioo, na alipoupangusa Bernadeta hakuwapo tena.

Hakujua alikaa pale muda gani. Aliyemtoa ni Bernadeta huyo huyo, aliyekuja kuomba kiberiti na kusukuma mlango wa jikoni kwa kidole kimoja.

"Jirani, mbona umelowa? Na mbona mlango wazi?"

Adventina alitambaa kumfuata, akafika uani, akatapika. Maji yaliyotoka yalikuwa ya ziwani. Bernadeta akayatazama, akaketi chini ghafla, mikono kichwani.

"Nisamehe, Mama Odeta. Kile cha kijani hakikutoka mpakani kama vingine. Wavuvi walikivua."

"Walikivua?"

"Msako ulipoanza, matajiri wa mjini walitupa mali ziwani ili wasikamatwe nazo. Robota zima la vitambaa. Vingine vilioza. Hiki kilitoka kizima, tena kinang'aa."

Waliingia pamoja, wameshikana mikono, wakajaribu kumwinua Mutayoba. Alikuwa anapumua, lakini kila pumzi ilikuja baada ya muda mrefu. Hawakumweza. Kuita watu kulimaanisha kuonyesha kitambaa, na kitambaa kilimaanisha jela, kwa Mutayoba kwanza. Adventina alikaa kizingitini mwa sebule mpaka kulipokucha, anamwita mumewe kwa jina lake la utotoni, huku Bernadeta akipanda kivuko cha kwanza kwenda Kamanga.

Alirudi na mwanamke mmoja aitwaye Kashindye, muuza vyungu, ambaye watu wa mwambao walimwita walipopata matatizo na wa majini. Kashindye alisimama kwenye mlango wa jikoni, akavuta hewa puani, akakataa kigoda.

"Shikamoo, mama," alisema Adventina.

"Marahaba. Usinikaribishe. Nitasemea hapa hapa. Nani alikichagua?"

"Mimi niliuza tu," Bernadeta akadakia.

"Sikuuliza muuzaji. Muuzaji anaitakia mema bidhaa yoyote. Nauliza nani alisema 'hiki'."

"Mimi," Adventina akajibu.

"Basi sikiliza. Kilichotupwa majini kimepokelewa. Kina mwenyewe. Mmekitundika, naye amekuja kukaa kwenye mali yake. Ninyi mnaona sebule, yeye anaona kwake. Na aliyemkuta kwake anamfanya wa kwake. Mume wako anakwenda, mama. Akifika jioni bado yuko pale, mtazika kiti."

Bernadeta akaanza kulia. Kashindye akamtazama.

"Wewe ungelia siku ya kuuza." Akamgeukia Adventina. "Kitoe kwa mikono yako. Kipeleke kwenye maji, kitumbukize, urudi. Usimpe mtu akubebee. Lakini mtu akikitamani akakichukua kwa moyo wake, amekichagua yeye, na mgeni atamhamia. Hapo usikidai. Ukisema nirudishie, ukamkataza, ukamwonya, umekichagua mara ya pili. Mara ya pili hairudishwi."

"Na nikipeleka wazi hivi, mchana? Pale chini kuna mgambo."

"Mgambo wanakamata watu," alisema Kashindye. "Huyu si mtu. Nenda."

Adventina akaingia. Chumba kilikuwa baridi hadi kwenye meno. Alipanda kwenye stuli mbele ya mumewe, akaanza kuzitoa pete, na kila aliyoitoa kitambaa kilizidi uzito badala ya kupungua, kikamvuta kuelekea chini, kikamzunguka mkono, na sauti ikamjia sikioni kupitia uzi, si maneno, bali ule mvumo anaousikia mtu anapozamisha kichwa, na ndani ya mvumo ule akasikia pumzi ya Mutayoba ikihesabiwa na mtu mwingine, polepole, kama mali. Hakugeuka. Alikikunja, akakifunga ndani ya kanga, akakitwika.

Njia ya kwenda mwaloni, kwenye mitumbwi ya wavuvi, ilikuwa na watu. Alisalimiwa, hakuitika. Shingo ilikuwa inamzama mabegani. Maji yalimtiririka usoni na waliompita walidhani ni jasho. Alikuwa ameshaona ziwa kati ya mawe, ameshaona mitumbwi, aliposikia filimbi.

"Mama! Simama. Tua mzigo."

Alikuwa mgambo aitwaye Masalu, mwenye rungu na kofia, mtu wa mtaa wa pili. Adventina alimfahamu kwa sura.

"Ni nguo za kufua," alisema Adventina.

"Za kufua, nawe umeyapita mawe yote ya kufulia? Tua."

Masalu akafungua kanga kwa ncha ya rungu. Kisha akaliweka rungu chini. Akakishika kitambaa kwa mikono miwili, akakikunjua kidogo, akakiinua kwenye jua. Uso wake ukabadilika, ukawa uso wa mtu aliyekuja dukani.

"Hii mali ya ulanguzi."

Adventina aliokota kanga yake.

"Mke wangu ananisumbua na madirisha tangu Pasaka," Masalu akasema, kana kwamba anazungumza na kitambaa. Halafu akacheka. "Basi, mama. Hiki kimetaifishwa. Hiki hiki."

Pale pale shingo ya Adventina ikalegea. Jua likampata mgongoni, likawa jua. Alijua, bila kuambiwa na mtu, kwamba huko nyumbani Mutayoba ameinua kichwa. Akamtazama Masalu, mtu mwenye kifungo kimoja kilichokatika, mwenye mke anayetaka mapazia.

"Afande," akaanza.

"Nini? Unakitaka?"

Akatazama maji nyuma ya bega lake. Ziwa lilikuwa karibu kiasi cha kurushiwa jiwe.

"Hapana," alisema.

"Basi nenda kabla sijakumbuka sheria."

Alimkuta Mutayoba ameketi uani, kwenye ngazi ya jikoni, amekonda kwa usiku mmoja, anakohoa maji kwenye mchanga. Kashindye alikuwa ameshaondoka. Hakutaka chochote, alisema Bernadeta, alimtazama mgonjwa anatoka kwa miguu yake, akauliza mke yuko wapi, akatazama ziwani, akaona maji yametulia kama yasiyopokea kitu, akatikisa kichwa akaenda zake.

"Nina njaa," Mutayoba alisema. Kisha: "Umekirudisha?"

"Kimekwenda."

"Ziwani?"

"Kula kwanza."

Walikula madirisha yakiwa matupu. Wapita njia waliwatazama, nao hawakujali. Mutayoba alirudi kazini. Usiku alilala amemshika mkewe kifundo cha mkono, na Adventina alilala macho wazi, hawezi kugeuka, hawezi kuuvuta mkono.

Wiki haikuisha. Adventina alikuwa anamimina uji wa mumewe aliposikia mtu anapiga hodi. Mlangoni alisimama mwanamke mjamzito, mimba kubwa, amebeba kitu begani chini ya kanga. Bega lake lote lilikuwa limelowa.

"Naitwa Paskazia, mke wa Masalu," alisema, akatabasamu kwa aibu. "Dada, usinifikirie vibaya. Najua kilikuwa chako. Mume wangu aliona matundu ya sindano, ananiambia wewe uliwahi kukitundika, kwa hiyo unajua kinavyokaa. Sijawahi kushona mapazia. Naogopa nikikikata vibaya sitapata kingine."

Akakitua, akakikunjua kizingitini. Harufu ya tope ikapanda. Mtoto akacheza tumboni. Adventina aliona kitenge kikiinuka na kushuka.

Nyuma yake, mezani, Mutayoba aliacha kunywa. Kijiko kikagonga bakuli mara moja, kikanyamaza. Adventina alisikia pumzi yake inaanza kurefuka.

Neno la kumwonya lilikuwa moja tu. Lilikuwa tayari, ulimini. Paskazia alikuwa anamtazama, anasubiri kufundishwa.

"Madirisha yenu mangapi?" Adventina akauliza.

"Mawili."

Adventina alipima kitambaa kwa macho, bila kukigusa.

"Basi kitatosha," alisema.