Nyumba ya Desemba

Ndugu zangu wa Muleba na Bukoba, sikilizeni, wala msiangalie pembeni.

Agnetha alikuwa anamenya ndizi mlangoni, kahawa imeanikwa uani, mvua ya asubuhi imekwisha kupita. Miaka kumi na tisa aliishi katika nyumba ile ya udongo, kwenye kibanja cha baba yao. Humo ndimo alimomuuguza mama yao mpaka akafa. Ndipo mdogo wake, Privatus, akashuka garini akitokea Dar es Salaam, fundi nyuma yake.

"Dada, hii tunabomoa. Inatutia aibu. Hapa nashusha vyumba saba."

"Na mimi nilale wapi, waitu, mdogo wangu?"

"Chako kitakuwemo. Vumilia kidogo."

Vyumba saba vikasimama, vigae mpaka barazani. Chake hakikuwemo. Privatus akapiga kufuli akarudi Dar; ifunguliwe Krismasi, paroko aibariki kwanza. Nyumba ya siku kumi kwa mwaka! Mnazijua. Zimejaa vijijini kwenu, popo ndio wapangaji.

Majirani walimpokea Agnetha mwezi mmoja, wakamchoka. Akaishia Rwamishenye, mjini Bukoba, kwenye baraza la duka, juu ya maboksi. Watu wa kijijini kwake wakimwona walivuka barabara. Watoto wa shule walimwita kichaa, nani aliwafundisha? Mvua za Novemba zikampiga, akaanza kukohoa damu. Zuena, muuza chapati wa hapo, akampigia Privatus simu, Agnetha akisikia.

"Kaka, dada yako anakufa. Agiza watufungulie, tumlaze kwao."

"Mama, na kikohozi hicho? Nyumba yenyewe haijabarikiwa. Wiki tatu tu nakuja."

"Wiki tatu! Huyu hana siku tatu!"

Simu ikakatwa. Agnetha akageukia ukutani. Zuena alimbeba hadi chumba chake kimoja, anacholala na wanawe wanne. Humo akafa kesho yake.

Privatus alikuja kwa ndege. Kufuli likafunguka, jeneza likawekwa sebuleni, juu ya vigae. "Ukoo wetu," akasema huku analia, "hauwezi kumwacha mtu wake nje." Nanyi mlikula ndizi na nyama, mkafuta midomo, mkasifu dari. Kichefuchefu!

FUNZO

Mtu wa barazani hakudondoka kutoka mawinguni. Yuko ndugu aliyemfungia mlango, na yuko jirani aliyegeuza uso. Yeye mvua inamla mapafu. Sisi tunaoza mioyo kwa kukosa haya, na watoto wetu wanatuiga. Fungueni hizo nyumba walio hai waingie kwa miguu yao.