Neno Alilolimeza Zilpha

Kila siku ya mwezi wa Septemba, kabla umande haujakauka, Zilpha Rowell alikuwa shambani akichuma pamba pamoja na baba yake, Primus, na mama yake, Dinah. Ikifika adhuhuri alinawa mikono iliyochanwachanwa na vikonyo vya pamba, akachukua kipande cha mkate wa mahindi, akala huku akitembea kwenda shule. Shule yenyewe ilikuwa kanisa la mbao la Pell Landing, Carolina Kusini, Marekani. Huo ulikuwa mwaka wa 1870. Miaka mitano tu ilikuwa imepita tangu vita vya wenyewe kwa wenyewe viishe na watumwa waachwe huru, na Zilpha, mwenye umri wa miaka kumi na miwili, alikuwa mtu wa kwanza katika ukoo wao kujua kusoma.

Alijivunia jambo hilo, tena kupita kiasi. Darasani alisoma mbiombio ili wenzake wastaajabu, na akikutana na neno gumu alilipita kama mtu anayeruka dimbwi. Rafiki yake Orpah alimwambia siku moja, "Unasoma kama unafukuzwa na nyuki. Maneno mengine hata hatuyasikii." Zilpha alimjibu kwamba wenye masikio mazito wakae mbele.

Mwezi uliokuwa unakuja ulikuwa wa uchaguzi. Wakulima wa Pell Landing walimwomba Mwalimu Lavinia Tolliver, mwanamke mweusi aliyetoka Philadelphia kuja kuwafundisha watoto wao, awasomee Jumapili yale marekebisho matatu ya Katiba yaliyopitishwa tangu vita viishe. Mwalimu akaona ni vizuri zaidi wayasikie kutoka kinywani mwa mtoto wao wenyewe. Alhamisi akampa Zilpha karatasi, akamwagiza ajizoeze nyumbani na aulize neno lolote asilolijua. Kesho yake alipomwuliza kama kuna neno linalomsumbua, Zilpha alisema hakuna.

Lilikuwapo, tena si moja tu. Aliogopa kwamba akiuliza, kazi ile angepewa Orpah.

Jumapili kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje madirishani. Zilpha akasoma Marekebisho ya Kumi na Tatu, yanayosema utumwa hautakuwapo tena Marekani. Hapakuwa na mtu asiyejua habari hiyo, lakini kuisikia ikisomwa kama sheria kuu ya nchi, na anayesoma ni binti wa Dinah, lilikuwa jambo jingine kabisa. Wanaume walivua kofia. Mwanamke mmoja aliyewahi kuuzwa mnadani mara tatu alishika benchi la mbele yake kwa mikono miwili, akatulia hivyo hivyo mpaka mwisho.

Yakafuata ya Kumi na Nne. Karatasi ilisema kwamba watu wote waliozaliwa Marekani, au waliopata uraia kwa tajnisi, na walio chini ya mamlaka yake, ni raia wa Marekani. Zilpha alipolifikia neno la kwanza asilolijua, tajnisi, hakulitamka. Akasoma haraka, "Watu wote waliozaliwa Marekani ni raia wa Marekani," akasonga mbele. Wakati ule Mwalimu alikuwa mlangoni akiwapangia nafasi wazee waliochelewa, hakusikia. Mwisho akasoma ya Kumi na Tano, kwamba raia hatanyimwa kura kwa sababu ya rangi yake au kwa kuwa aliwahi kuwa mtumwa. Mama Dinah akauliza kama hayo yanahusu na wanawake. Mwalimu akasema, "Bado, Dinah. Hilo nalo tutalidai."

Baadaye watu walimzunguka Zilpha na kumpongeza. Hakuna aliyemwona Mzee Titus, fundi wa mapipa, akichukua kofia yake na kuondoka peke yake.

Jumatatu shambani, Primus alimsimulia mkewe habari za kusikitisha. Mzee Titus, aliyekuwa mgonjwa katika chaguzi zilizopita na ambaye mwaka huu alikuwa akiingojea siku hiyo kwa hamu, sasa alisema hapigi kura. "Anasema ile karatasi imewataja waliozaliwa hapa," Primus alieleza. "Yeye aliletwa melini akiwa na miaka minane. Anasema hawezi kusimama mbele ya watu akadai kitu ambacho si chake."

Zilpha aliacha kuchuma. Mzee yule alikuwa na miaka sabini na moja. Alikuwa ametengeneza mapipa ya wilaya nzima bila kulipwa, na watoto wake wanne waliuzwa. Sasa neno moja alilolimeza yeye kwa kuogopa aibu lilikuwa limemtoa mzee huyo nje ya nchi.

Siku nzima alijiambia kwamba hakuna anayejua. Wazo hilo halikumsaidia. Jioni, darasa lilipotawanyika, alibaki na kumweleza Mwalimu kila kitu, akitazama sakafu.

Mwalimu Lavinia hakupaza sauti. Alimweleza kwamba tajnisi ni njia ya mtu aliyezaliwa nchi nyingine kufanywa raia kwa sheria. Kwa miaka themanini mlango huo ulikuwa wa wazungu peke yao. Mwezi wa Julai mwaka huo huo ndipo sheria mpya iliwafungulia waliozaliwa Afrika. Kisha akampa ile karatasi. "Mimi ningeweza kwenda kumweleza," alisema, "lakini aliyemsomea ni wewe."

Zilpha alimkuta Mzee Titus akikaza pete ya pipa. Alimwambia kwamba Jumapili aliruka maneno kwa sababu hakuyajua, na kwamba alimdanganya Mwalimu. Kisha akasoma polepole, neno kwa neno, na kumweleza tajnisi ni nini na kwamba tangu Julai sheria inamruhusu aliyezaliwa Afrika kuiomba. Mzee akaweka nyundo chini. Akaomba arudie. Halafu akaomba aoneshwe neno lenyewe lilipo, akaweka kidole chake kinene juu yake.

"Kumbe nilikuwamo," alisema.

Wiki iliyofuata walikwenda mahakamani pamoja na Mwalimu kumwombea mzee uraia, Primus na jirani mwingine wakiwa mashahidi kwamba mzee amekaa hapo miaka mingi na ni mtu mwema. Karani mzungu, bila kuinua uso, aliuliza alizaliwa nchi gani. Mzee Titus akasema jina la nchi hakuwahi kuambiwa, anachokumbuka ni mto mpana na sauti ya mama yake ikimwita. Kalamu ya karani ikasimama kidogo, kisha akaandika: Afrika. Jaji akamtaka aape kwamba anaacha utii kwa mfalme yeyote wa kigeni.

"Mheshimiwa," mzee alisema, "nilikuwa na miaka minane. Hakuna mfalme aliyeniaga."

Hata jaji alitabasamu. Kisha mzee akainua mkono wa kuume. Zilpha alitazama mkono ule wenye makovu ukiwa juu, hautikisiki. Mtu aliyeingia nchini akiwa bidhaa katika orodha ya meli alikuwa anatajwa raia, sawa na jaji aliyekaa mbele yake.

Nje, Mzee Titus alitangulia na mashahidi wake, akiongea kwa sauti juu ya uchaguzi wa Oktoba. Mwalimu Lavinia akatembea na Zilpha nyuma yao.

"Watu wengi walikufa ili maneno yale yaandikwe," alimwambia. "Hakuna hata moja lililowekwa kujaza nafasi tu. Kila neno lina mtu wake, na ukiliruka, unamruka mtu. Usipojua, uliza. Aibu ya kuuliza ni yako peke yako, tena ni ya dakika moja. Hasara ya kujifanya unajua inaweza kumwangukia mtu usiyemfikiria kabisa."

Zilpha akaitikia kwa kichwa. Kisha akamwuliza Mwalimu maana ya neno jingine aliloliruka Jumapili ile, mamlaka.