Mruko wa Jumamosi

Ijumaa ile soko la Bwera lilikuwa limefurika. Watu walikuwa wametoka Kinyamaseke, wametoka Kasenyi na samaki wao wakavu, wametoka ng'ambo ya mpaka na mahindi na kuku. Katikati ya makelele hayo Kaswera aliketi mkekani na vitenge kumi na saba, na hata kimoja hakikuwa na karatasi ya forodha. Alijifunga kitenge cha manjano chenye maua mekundu, kilemba amekilaza upande kama mke wa tajiri, ingawa mume hakuwa naye, na miaka yake ilikuwa ishirini na mmoja tu.

Mara sauti ikapasuka: "Forodha! Beko huku, wanakuja! Forodha!"

Soko likatawanyika. Kaswera akavikusanya vitenge, akavifunga, akajitwika, akakata mbio nyuma ya maduka. Huko akakutana na mtaro. Mvua ya juma zima ilikuwa imeupanua, na mbao za kuvukia zilikuwa zimekwenda na maji. Nyuma yake viatu vilikuwa vinakaribia.

"Dada, leta mzigo!"

Alikuwa kijana mrefu, mwembamba, mwenye shati jeupe la mikono iliyokunjwa, miguu mitupu, viatu vimening'inia shingoni kwa kamba zake.

"Nikupe ukimbie nayo?"

"Nitakimbia wapi? Mbele iko maji!"

Kaswera akampa. Kijana akarudi nyuma hatua nyingi, akaja kasi, na mtaro ulipofika miguuni pake akapaa. Kaswera aliona nyayo zake hewani, akaona zinakaa huko muda mrefu kuliko inavyomstahili mtu aliyebeba mzigo. Kisha akasikia kishindo upande wa pili.

Watu wa forodha walimkuta binti mikono mitupu, anajifanya anatafuta choo. Walipoondoka akazunguka kwa daraja la chini hadi ng'ambo. Mzigo wake ulikuwa umewekwa vizuri juu ya jiwe. Kijana mwenyewe alikuwa anatembea kandokando ya mtaro, kisigino mbele ya kidole, kisigino mbele ya kidole.

"Unapima nini?"

"Ngoja, dada, nitasahau. Kumi na sita, kumi na saba... na mzigo kichwani!" Ndipo akainua macho, akamwona vizuri, na hesabu yote ikampotea.

Jina lake lilikuwa Eridadi Baluku, mtu wa Bugoye, fundi wa reli ndogo za mgodi wa shaba kule Kilembe. Jioni baada ya kazi aliteremka kwenye mchanga wa mto Mubuku kufanya mazoezi ya kuruka mbali. Kaswera alimwambia kwamba watu wa kwao hurukaruka wakiwa watoto, kisha wanaacha. Eridadi akacheka mpaka akakaa chini.

Tangu siku hiyo, kila Jumatano saa tisa alasiri, simu ya dukani kwa Kasim ililia. Kasim alikuwa na duka la sukari na mafuta taa pale Bwera, na ndiye pekee katika mtaa ule aliyekuwa na simu. Wateja walinyamaza kusikiliza, na Kaswera aliwageuzia mgongo.

"Allo? Ni nani?"

"Mutu mwenye ulisahau."

"Mi nasahau watu wengi. Wewe wa ngapi?"

"Wa mtaro."

"Ah! Yule wa kupima mtaro mbele ya kusalimia watu!"

"Sheri, hiyo hutaniachia mpaka lini?"

"Mpaka uzeeke. Na usiniite sheri, Kasim anasikia."

"Sisikii kitu!" Kasim akadakia kutoka nyuma ya mizani.

Papa Hilaire, baba yake Kaswera, alikuwa amevuka mpaka kutoka Butembo, Kongo, miaka mitano nyuma, vita ilipochoma duka lake. Sasa aliuza chumvi na vitambaa Mpondwe, pale mpakani jirani na Bwera, na kila Jumapili alikaa benchi la mbele kanisani. Habari za Eridadi zilipomfikia aliuliza swali moja tu.

"Kazi yake ni nini?"

"Fundi wa mgodi, Papa. Na anaruka."

"Kuruka ni kazi ya chura."

Hata hivyo hakukataa. Mwezi wa saba Eridadi alikwenda Kampala kwenye majaribio ya timu ya taifa, iliyokuwa inajiandaa kwa mashindano ya Afrika Mashariki. Walichaguliwa watatu, naye alikuwa wa nne. Alirudi kimya. Jumatano iliyofuata akamwambia Kaswera kwenye simu: "Mambo ya kuruka imeisha. Sasa naleta posa." Wazee wa pande zote wakapanga Jumamosi.

Jumatano ya juma lenyewe Kaswera alikuwa ameenda Kasindi, ng'ambo ya mpaka, kupokea mzigo asubuhi. Aliporudi, Kasim alimpa kipande cha karatasi ya sukari.

"Alipiga asubuhi. Mara nne! Laini ilikuwa inakatika, inalia kama chapati kwa mafuta. Hii tu ndiyo nilishika."

Kaswera akasoma: *Eridadi. Jumamosi naruka. Anisamehe.*

Alisimama pale mpaka mteja akamwomba asogee. Tangu utotoni alijua maana ya mtu kuruka siku aliyoahidi, na alijua maana mbaya zaidi ya mtu kumruka mwenzake, kumkana mbele za watu kana kwamba hajawahi kumjua. Alingoja saa tisa. Simu haikulia.

Karatasi aliisukuma ndani ya kilemba, na hakumwambia mtu. Alhamisi akajiambia kuwa Kasim alisikia vibaya. Ijumaa mbuzi alipochinjwa alitaka kusema, akamwona baba yake anapiga pasi koti lake la Butembo kwa mikono yake mwenyewe, akachukua ndoo, akaenda kuchota maji.

Jumamosi wageni wa Papa Hilaire walifika saa sita. Viti vya kuazima vilipangwa uani, katekista akapewa kile chenye mto. Kaswera alikuwa amevaa kitenge kipya cha buluu na shanga za marehemu mama yake. Saa saba ikapita. Saa nane. Wazee wa Bugoye hawakuonekana, kwa kuwa hata wao Eridadi alikuwa amewapelekea habari kwamba siku imeahirishwa, akidhani Mpondwe wanajua. Shangazi Wivine alifunua sufuria, akafunika, akafunua tena.

Saa tisa Papa Hilaire akasimama. "Bon," alisema polepole. "Labda gari imekufa njiani."

Kaswera hakuweza tena kumwona akijitafutia maneno. Akatoa karatasi kwenye kilemba, akapiga goti, akampa.

Baba akaisoma kimoyomoyo, kisha kwa sauti. "Jumamosi naruka. Anisamehe." Akamtazama binti yake. "Hii iko ya lini?"

"Ya Jumatano, Papa."

"Jumatano! Na ukaniacha nikachinja, nikaita watu?"

"Niliogopa. Nilisema labda atakuja."

"Wivine," Papa Hilaire akasema bila kumwangalia dada yake, "kesho kutwa huyu mutoto anaenda Butembo kwako. Hapa hatuna tena uso."

Machozi yalimshuka Kaswera bila sauti. Wakati huo huo Kasim akaingia uani anakimbia, kanzu ameishika kwa mkono mmoja, redio sikioni.

"Papa Hilaire! Muko mumekaa? Anaruka! Eridadi anaruka sasa hivi, Kampala!"

"Ndiyo, tumejua ameturuka."

"Hapana! Anaruka kabisa! Kwa mchanga! Musikilize!"

Akaiweka redio mezani kati ya sahani. Mtangazaji alikuwa anasema kwa Kiswahili cha haraka: "...Baluku wa Uganda, aliyeitwa ghafla baada ya mwenzake kuteguka mguu siku ya Jumanne. Ameruka mara mbili, na mara zote mbili amekanyaga ng'ambo ya ubao, bendera nyekundu! Hii ni ya tatu. Akikosa hii, anafungasha virago."

Hakuna aliyeketi. Kaswera aliishika ile meza kwa mikono miwili. Jumamosi naruka. Neno lile lile, na sasa lilikuwa na mchanga na bendera na maelfu ya watu ndani yake.

"Anakimbia... anaongeza kasi, jamani, anaongeza... ubao... ameruka! Bado yuko hewani, wasikilizaji, bado yuko hewani... ametua! Ametua kule mwisho! Sasa macho yote kwenye bendera..."

Redio ikakoroma, ikanong'ona, ikanyamaza.

"Bendera gani?" Papa Hilaire akafoka. "Kasim! Bendera gani?"

"Mawe ya betri imekwisha, Papa."

"Unakuja na redio ya mawe iliyokufa?" Mzee, na koti lake lililonyooshwa, akayachomoa mawe mwenyewe, akayakimbiza jikoni, akachuchumaa kando ya sufuria ya mbuzi na kuyageuzageuza karibu na makaa ili yapate nguvu kidogo. Katekista akamfuata kumwambia asiyasogeze sana motoni, yatapasuka. Uani watu wakaanza kubishana, wengine nyekundu, wengine nyeupe. Kaswera alifumba macho. Hakuwa tena anaomba aje. Aliomba tu asiwe amekanyaga.

Mawe yakarudishwa yakiwa ya moto. Sauti ikarudi, nyembamba kama uzi.

"...wanapima kwa mara ya pili, maana mkubwa wa waamuzi hakuamini. Bendera ilikuwa nyeupe, nyeupe kabisa... ndiyo, wanatoa... futi ishirini na tano, inchi mbili! Rekodi ya Afrika Mashariki imevunjwa! Kijana wa mgodini Kasese!"

Vigelegele vya shangazi Wivine vilisikika mpaka kwenye kizuizi cha mpaka. Kasim alimkumbatia katekista. Kaswera akakaa chini pale pale na kitenge chake kipya, akacheka na kulia pamoja, na pumzi aliyokuwa ameibana tangu Jumatano ikamtoka yote.

Papa Hilaire alipangusa majivu kwenye koti. "Nimefurahi kwa ajili ya Uganda," alisema. "Lakini kwa meza yangu kiti iko bure. Akitaka binti, aje aseme mwenyewe. Butembo itangoja. Sasa tukule, nyama imekuwa maji."

Jumanne treni ya Kampala iliingia Kasese saa sita mchana. Kaswera alikuja na lori la chumvi; baba yake naye alikumbuka ghafla ana shughuli mjini, akapanda mbele. Kituo kilikuwa kimejaa wafanyakazi wa mgodi na ngoma zao. Eridadi alishuka amevaa koti jekundu la timu, kisigino cha kulia kimefungwa bendeji, mkononi fimbo. Wakataka kumbeba. Akawasukuma, akaja akichechemea moja kwa moja hadi kwa Kaswera.

"Mpenzi wangu..."

"Usinipende mbele ya watu. Kwanza nijibu. Siku ile ulipopanda treni, uliniuliza?"

"Nilipiga simu mara nne! Treni ilikuwa inaondoka, yule Kasim anasema allo, allo..."

"Ulipiga ya kuniambia. Haikuwa ya kuniuliza."

Eridadi akaegemea fimbo. Ngoma zilikuwa zinapigwa nyuma yake, naye alikuwa kama hazisikii. "Ni kweli," akasema. "Niliogopa utasema hapana."

"Ningesema nenda. Papa angesogeza siku, na yule mbuzi angekula majani wiki moja zaidi." Akagusa kilemba chake. "Nilikaa nimevaa toka asubuhi, Eridadi. Na karatasi yako kichwani."

"Nisamehe. Sikuwa na haki. Basi iko kitu sasa nataka kuuliza. Timu ya polisi inanitaka Kampala. Kazi, nyumba ya vyumba viwili. Nikawaambia sijibu mpaka niulize Bwera."

"Wakasema nini?"

"Wakasema, Bwera kuna ofisi gani? Nikasema iko mkubwa moja pale, mukali sana. Anavaa kilemba."

Kaswera alijitahidi kukaza uso, ukamshinda. Kicheko kilimtoka kabla hajapata nafasi ya kukizuia. "Mkubwa anasema anataka kwanza kuona hiyo nyumba ina dirisha," akajibu. "Na harusi mbele ya kuhama."

Nyuma yao mtu akakohoa. Eridadi alipomwona Papa Hilaire aliiacha fimbo ikaanguka, akajishusha taratibu, kisigino kibovu na kizima, mpaka magoti yote mawili yakafika sakafuni. Ngoma zikapoa.

"Papa, leo sikuja kuomba binti. Hiyo nitakuja nyumbani, na wazee wangu. Leo nimekuja kuomba musamaha ya aibu niliwapatia."

"Simama, utachafua koti ya serikali." Mzee alimtazama akiinuka kwa shida. Alikuwa na jambo jingine, lilionekana linamwasha. "Ile mara ya tatu. Uliwaza nini?"

"Mara ya kwanza na ya pili niliwaza nyumba yako, Papa, watu wanangoja. Nikakanyaga. Ya tatu nikasema, kule nimekwisha kosa. Nikikosa na huku, nitamurudilia binti yako na nini?"

Papa Hilaire aliokota fimbo, akampa. Kisha akainama tena, akachukua sanduku la Eridadi yeye mwenyewe.

"Lori inatoka saa nane," alisema. "Wivine amepika. Si mbuzi, ni sombe ya majani ya muhogo na samaki. Na ukifika huko usikae kiti ya katekista."

Akatangulia. Eridadi alijaribu hatua mbili na fimbo, akakunja uso kwa maumivu. Kaswera akaja upande wake mbaya, akainamisha bega. Kijana akaweka mkono wake pale, mbele ya kituo kizima na ngoma na wachimba shaba, na Papa Hilaire, aliyekuwa amegeuka kuona kama wanafuata, akajifanya anaangalia mawingu ya milimani.