Aliyejibu Ukutani

Mama alikuwa anaanua nepi za mwanawe kambani, jua limeshazama, wakati binti wa marehemu jirani yake alipompigia simu.

"Mdogo wangu, huko mawingu yamefunga? Hebu kanifungie dirisha la mama, cherehani isilowe."

"Nakwenda sasa hivi, dada."

Mtoto alikuwa amelala. Akamwekea mito huku na huku, akafunga mlango kwa ufunguo, akaingia chumba cha jirani. Ukuta mmoja tu ulivitenganisha vyumba hivyo viwili.

Chumba cha Bibi Tondoo bado kilinukia mafuta ya cherehani. Jina alilipata kwa ile tondoo yake, kikofia cha chuma anachovaa mshonaji kidoleni asichomwe na sindano. Hakuivua hata akila. Mtoto akilia, bibi aligonga nayo ukutani. Ko, ko. Yaani, uko wapi, mtoto analia! Mama naye alipiga ukuta kwa kiganja. Nipo, nimembeba. Kukicha, bibi alimvamia mlangoni kwa utani.

"Mume wangu umemnyima nini? Nitakunyang'anya, shauri yako!"

Siku moja tu hakutania.

"Nikigonga jibu upesi, mwanangu. Usipojibu wewe, atajibu mwingine."

Mama alicheka. Sasa bibi amezikwa, na usingizi umempaa. Kila mtoto akilia, anajikuta anausikiliza ukuta.

Akafunga dirisha. Tondoo ilikuwa juu ya cherehani. Akaivaa. Ilimpwaya... ya baridi... Machozi yakamlengalenga.

Mara, upande wa pili, mtoto akaangua kilio.

Mkono ukatangulia akili. Alitaka tu mwanawe asikie ile sauti aliyoizoea. Akagonga kama bibi.

Ko, ko.

Kiganja kikajibu.

Pu. Pu.

Nipo. Nimembeba.

Mtoto akanyamaza ghafla, kama aliyezibwa mdomo.

Tondoo ikamdondoka. Alikimbia na ufunguo mkononi. Mlango ulikuwa umefungwa vilevile alivyouacha. Ndani, mito ilikuwa sakafuni, imepangwa vizuri. Mtoto amefungwa shuka hadi kidevuni, kwa kubana, macho kodo, anatazama nyuma ya mlango.

Akamfungua, akamkumbatia.

"Bibi..." alinong'ona. "Ni wewe?"

Alitamani awe yeye. Akanusa utosi wa mtoto, akitafuta mafuta ya cherehani. Hayakuwepo. Palikuwa na harufu ya nguo zilizosahauliwa majini.

Ndipo ukuta ukagongwa kutokea chumba cha bibi, kile alichokiacha kitupu. Chuma.

Ko, ko! Ko, ko! Ko, ko!

Haraka haraka, kama mtu anayeonya.

Akainua kiganja ajibu. Akachelewa.

Nyuma ya mlango, karibu na sikio lake...

Pu. Pu.

Hakugeuka. Alitoka na mtoto kifuani, bila viatu, mvua ikimchapa.

Siku hizi wanakaa kwa wifi yake, mbali. Mtoto akianza tu kulia, yeye huruka kupiga ukuta ulio karibu, hata wa jikoni, hata mikono ikiwa na unga.

"Wewe wifi," huchekwa, "unamjibu nani?"

Humbeba mwanawe, humnusa utosi, kisha hutega sikio. Anachoogopa ni ile siku atakayopitiwa na usingizi.