Kitambaa Chekundu cha Kaole

Mchana mmoja, jua likiwa utosini, nyumba ya Mrisho pale Mlingotini ilinuka ubani. Mafigani hapakuwa na hata kaa la moto. Mardhiya, mkewe, alimtazama mtoto aliyelala kitandani, akachungulia uani, akajiambia ni majirani. Majirani nao walikuwa shamba.

Mrisho alikuwa tarishi wa baraza, na kazi yake ilikuwa kuwaandama wasiolipa kodi ya kibanda. Asiyekuwa na fedha alichukuliwa kitu, mbuzi au jembe au hata kitanda, kikanadiwa sokoni Bagamoyo. Hakuwa mtu mbaya, ila kazi ilimnogea. Alipenda kugonga mlango wa mtu kwa fimbo na kusikia ndani wananyamaza.

Siku chache kabla ya harufu ile, huko kijijini Kaole, alimwamkia mjane Bi Mwanaharusi shikamoo, maana alilelewa vyema, kisha akaingia kutafuta cha kuchukua. Mjane yule alikuwa na mkeka, mtungi, na chetezo cha shaba kilichofungwa kitambaa chekundu mguuni.

"Chukua mlango, mwanangu," bibi alimsihi. "Hicho kina mwenyewe. Hula ubani wake hapa kila usiku wa Ijumaa."

"Basi mwenyewe alipe kodi," Mrisho akajibu, akakitia kapuni.

Mnadani hakuna aliyetia bei. Mtu wa pwani akiona kitambaa chekundu mguuni mwa chetezo anajua hicho ni chombo cha jini, na atakayekitia moto amempokea. Mrisho naye alijua, tena sana. Akakifungua kitambaa, akakitupa jaani nyuma ya soko ili chetezo kiuzike. Wapi! Watu walikwisha kukiona. Akakichukua chetezo mwenyewe kwa bei ya bure, akakipeleka nyumbani, wala hakumwambia mkewe neno. Mardhiya alizaliwa Fukayosi, bara, na alichokiona yeye ni chetezo kizuri tu. Alhamisi jioni, usiku wa Ijumaa ukiingia, akakitia makaa, akafukiza nguo za mtoto.

Baada ya harufu ile ya mchana ikaja fimbo. Iligonga mlango adhuhuri, taratibu, vilevile Mrisho agongavyo milango ya watu, na aliyefungua hakuona mtu. Siku hiyo kuku alikutwa amekufa kizingitini. Fimbo ikarudi, mbuzi akaanguka. Kisha ikagonga mlango wa chumbani, wa ndani kabisa, na Mardhiya akamkumbatia mtoto wake Mgeni, akasikia kitu kizito kikikaa ukingoni mwa kitanda, kamba zikilia, ubani ukimjaa kooni hata asiweze kumwita mtu, na mtoto, aliyekuwa akinyonya, akaliachia titi, akageuza uso kule kulikokaliwa, akatulia kama anayesemeshwa.

Tangu hapo hakunyonya tena.

"Mume wangu, umetuletea nini?" Mardhiya alimuuliza kwa mnong'ono. Mrisho alichukua chetezo akaenda nacho Kaole akikimbia.

Bi Mwanaharusi alikuwa kibarazani akisuka ukili. Alikuwa amenenepa kidogo.

"Nani alikitia moto?"

"Mke wangu. Hakujua, bibi."

"Hakujuaje? Kitambaa kilikuwa wapi?"

Mrisho akamsogezea chetezo. Bibi hakukigusa.

"Mimi jini huyo nilimrithi kwa mama," bibi akasema, "naye alimlisha mpaka kaburini. Tangu ulipomchukua nalala usingizi. Sina njia ya kumrudisha, na ningekuwa nayo nisingekwambia."

"Anachukua vitu vyangu, bibi. Nitampa ubani, kila usiku wa Ijumaa nitampa. Ataridhika?"

"Wewe ukishakwenda kwa mtu mara ya kwanza na ya pili, ya tatu huwa unarudi mikono mitupu?"

Alirudi mbio, chetezo kikigonga pajani. Nyumbani palikuwa kimya, na Mardhiya aliketi kitandani na mtoto mapajani, uso umemng'aa.

"Amenyonya," alisema. "Sasa hivi tu. Amenyonya akashiba."

Mrisho akapiga magoti kumshukuru Mungu, akamshika mwanawe mguu ili aubusu. Akahisi fundo. Kilikuwa kitambaa chekundu, na taka za jaa la Bagamoyo zilikuwa bado zimekiganda.

"Umemfunga wewe?" akauliza polepole.

"Nilidhani umemfunga wewe," Mardhiya akasema.