Lango la Maji

"Fenna, anaelekea mtoni. Usimpoteze!" redio ya Makao Makuu ililia.

Fenna Roelofs aliibwaga baiskeli yake ya Gazelle na kutimua mbio.

Mbele yake, Kordes alipita lango la gereza la kale bila kugeuka. Miezi mitatu jasusi huyo aliwatembeza watalii mjini Oudewaard: mnara butu wa kanisa, ghala la baruti, ngome iliyowazuia Wahispania. Kumbe alikuwa akingoja flashi moja tu ya kompyuta.

Sasa ilikuwa mfukoni mwake. Ilifungwa kwa nywila, na wa kuifungua walimngoja ng'ambo. Ndani mlikuwa na majina kumi na moja ya watoa habari. Ikivuka mto, wote wangeuawa.

Kordes alipenya Lango la Maji, mlango wa ukuta wa mji unaotokea gatini.

Nyuma yake boriti ya mwaloni ilishuka. Puu!

Ya pili. Ya tatu.

Fenna alipofika, boriti zilikuwa zimempita kimo. Lilikuwa zoezi la kila mwaka la kuziba lango dhidi ya mafuriko. Wanaume walishindilia samadi ya farasi kati ya safu mbili za boriti.

"Fungueni!" Akatoa kitambulisho cha idara ya usalama.

Mzee Dirkzwager, msimamizi wa zoezi, alikisoma mbele na nyuma. "Kizuri. Lakini boriti hazitoki mpaka meya akague."

"Yuko wapi?"

"Anakunywa kahawa."

"Mzee, watu watakufa!"

"Mwanangu, kila mwaka hakosekani mwenye haraka. Mwaka jana alikuwa bibi harusi."

Watu wakaangua kicheko.

Fenna alipanda ukutani, bastola ya Walther mkononi. Chini, mita nane za mawe matupu. Gatini, Kordes alisimama katikati ya kina mama na watoto.

Hakuweza kuruka. Hakuweza kufyatua.

"Makao Makuu, boti ya polisi?"

"Dakika kumi na mbili."

"Kivuko kinaondoka sasa!"

"Fanya kitu."

"Nifanye nini?"

Kordes alimpungia mkono. Kisha akamgeukia nahodha wa kivuko, mama mnene aliyekuwa akifunga kamba.

"Tuondoke, mama!"

"Lango likifungwa, kivuko kinalala."

"Hakuna mafuriko! Ni zoezi tu!"

"Na mimi nafanya zoezi. Si wewe mwongoza watalii? Hilo hukuwaambia?"

Mto mbele, ukuta nyuma. Kordes alizunguka gatini kama kuku aliyefungwa mguu. Fenna alimtazama tu, dakika kumi na mbili nzima.

Boti ilifika. Pingu. Flashi ikatoka mfukoni, nzima.

"Kazi safi, Fenna."

"Sikugusa kitu."

"Tutaandika ulimzingira."

Alizima redio. Akairudisha bastola kiunoni na kushuka ngazi.

"Mwanangu!" Dirkzwager aliita. "Meya huyo anakuja! Bado unataka tukufungulie?"

"Acheni," Fenna alisema, akirudi alikoiacha baiskeli. "Shindilieni vizuri."